Gari-nyumba Katika Pwani ya Oregon

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, tumekodi gari-nyumba la futi 30, nasi tungependa kupiga kambi kiangazi hiki katika hifadhi ya jimbo iliyo pwani ya Oregon, Marekani. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni na kuweka nafasi, kwani hifadhi za jimbo hilo hupokea maombi hadi miezi 6 kabla ya siku ya kufika, na nafasi za kiangazi huwahiwa. Sisi tungechagua Fort Stevens, karibu na mlango wa mto Columbia, ambako zipo nafasi zenye umeme, maji na bomba la majitaka. Hata hivyo, kabla ya kulipa, someni urefu wa nafasi yenyewe, na mhakikishe kama soketi ya nguzo ya umeme iliyo kwenye nafasi hiyo ni ya ampea 30 au 50, maana plagi zake hazifanani. Ufukweni kuna mabaki ya Peter Iredale, meli iliyokwama mwaka 1906, ambayo huonekana vyema maji yakipwa. Makoti ni lazima, hata mwezi wa Julai. Turubai la kivuli lililo ubavuni mwa gari likunjeni kila mnapoondoka, kwa kuwa upepo wa alasiri huweza kulipasua.