Maswali kwa Shangazi: Nimemlilia Brenda Fassie, mume wangu amekasirika

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makole, Dodoma. Nilipokuwa darasa la tano, mama mkubwa aliyenilea alinunua kaseti ya Brenda Fassie, mwimbaji wa Afrika Kusini, kwa mchuuzi pale Jamatini, na tangu siku hiyo wimbo wa Vul'indlela ukawa unapigwa nyumbani kwetu hadi betri zinapoanza kuburuza sauti. Niliucheza kwenye harusi za mtaa mzima bila kuelewa maneno yake. Mwezi Mei redio ilimkumbuka kwa kutimiza miaka 20 tangu afariki, nami nikalia jikoni kiasi kwamba mume wangu alikuja mbio kuuliza nani amekufa. Nilipomweleza, alikasirika. Alisema kuwa baba yake mdogo alipofariki mwaka jana huko Mpwapwa sikutoa chozi hata moja, ingawa nilipika, nilichota maji na kulala msibani mpaka matanga yalipoanuliwa, na sasa namlilia mtu wa Afrika Kusini ambaye hakujua hata kama nipo duniani. Wifi yangu naye ameongeza kuwa ni aibu kumlilia mtu aliyeponzwa na dawa za kulevya. Je, nimekosea?
Mama wa Makole, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mumeo, kwa sababu hoja yake ina uzito kuliko ya wifi yako.

Kwetu sisi msiba huhudhuriwa kwa miguu na mikono. Aliyefika mapema, akachota maji, akapika, akalala kwenye mkeka pamoja na wafiwa na asiondoke hadi matanga yalipoanuliwa, huyo ameshiriki mazishi kikamilifu. Machozi yakimjia ni sawa, na yasipomjia hakuna mwenye haki ya kumdai. Chozi si rambirambi ya kuandikwa kwenye daftari na kusomwa jina kwa jina mbele ya watu. Kwa maelezo yako mwenyewe, marehemu wa Mpwapwa ulimpa haki yake yote, na unaweza kumwambia mumeo hivyo kwa heshima bila kuomba radhi.

Lakini usiishie hapo. Mwanamume anayekumbuka kwa mwaka mzima nani alilia na nani hakulia kwenye msiba wa baba yake mdogo, bila shaka ana huzuni ambayo hajapata pa kuiweka, na pengine aliona kilio chako cha jikoni kimetolewa mbele ya macho yake na kupelekwa kwa mtu mwingine. Mwulize habari za mzee huyo: alikuwa mtu wa namna gani, alimfundisha nini, walikosana wapi. Yawezekana hukulia kwa sababu ndogo tu kwamba hukuwahi kumfahamu vya kutosha, na hilo mumeo anaweza kulirekebisha hata sasa.

Ama kuhusu Brenda, wapo watakaokuambia kwamba huyo mwimbaji ni kisingizio, na kwamba unachokililia ni utoto wako au mama mkubwa wako. Maelezo hayo yanapendwa sana siku hizi, nami siyaafiki. Unamlilia mtu aliyefanya kazi, na kazi yake ikaingia nyumbani kwenu, ikakulea pamoja na hao waliokulea. Alizaliwa Langa, Cape Town, tarehe 3 Novemba 1964, akaanza kupata jina kubwa mwaka 1983 kwa Weekend Special akiwa na kundi la The Big Dudes, na mwaka 1990 akaimba Black President kuhusu Nelson Mandela, wimbo ambao serikali ya makaburu iliupiga marufuku. Miaka 14 baadaye, Brenda alipolazwa akiwa hana fahamu, Mandela alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumwona hospitalini. Akafariki tarehe 9 Mei 2004, akiwa na umri wa miaka 39. Mtu aliyetoa kiasi hicho katika maisha mafupi namna hiyo anastahili kuliliwa na watu ambao hakuwafahamu, nami sioni kwa nini jikoni kwako pasiwe mahali pa kumlilia.

Mumeo akirudia kwamba Brenda ni mgeni kwetu, mkumbushe Kongwa, ambayo haiko mbali na huko Mpwapwa kwao. Mwaka uleule wa 1964 alipozaliwa Brenda, Kongwa ilianza kuwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwemo wa ANC kutoka Afrika Kusini. Wenyeji wa mkoa huu walikwisha kuishi na watu wa kwao Brenda kwa ujirani miaka mingi kabla ya kaseti yake kufika Jamatini. Tena hatujawahi kuona haya kuwaenzi wanamuziki wasio ndugu zetu wa damu. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari huko Kenya mwaka 1979, na hadi leo zikipigwa nyimbo zake utaona wazee wakinyamaza ili wasikilize. Hakuna anayewauliza wana undugu gani naye.

Mpaka ninaouona ni mmoja tu. Wewe ni mwombolezaji, si mfiwa. Wafiwa ni mwanawe Bongani na jamaa zake wengine. Kwa hiyo lia, piga nyimbo zake, wasimulie watoto, lakini tarehe 9 Mei isiwe siku ya kuinyima nyumba chakula au kumnunia asiyelia nawe.

Wifi yako amesema kweli nusu, na usibishane naye kwenye nusu hiyo. Brenda alitumia kokeini kwa miaka mingi, alikwenda kutibiwa zaidi ya mara moja, na taarifa zilizotoka baada ya kifo chake ziliihusisha kokeini na kuanguka kwake. Watoto wako wakiuliza, waambie hivyo hivyo bila kupunguza. Ila wifi yako ajue pia kuwa kufikia mwaka 1995 walikuwepo wengi waliodhani mwanamke yule amekwisha, baada ya mpenzi wake kufariki kwa dawa hizohizo. Albamu ya Memeza, yenye Vul'indlela, ilitoka mwaka 1997, baada ya hayo yote. Wimbo wa mama anayewaambia majirani wampishe kwa sababu mwanawe anaoa, ambao wifi yako mwenyewe bila shaka ameucheza ukumbini, uliimbwa na mtu aliyekuwa ametoka kwenye shimo hilo na ambaye baadaye alirudi humo. Tukiamua kutowalilia watu wa namna hiyo, makaburi mengi ya hapa Dodoma yatakosa waombolezaji.

Hukusema kama kaseti ya mama mkubwa bado unayo. Kama unayo, usiitie kwenye redio iliyokaa kabatini miaka yote. Safisha kwanza vichwa vya redio kwa pamba yenye spiriti kidogo, uviache vikauke, kisha izungushe kanda polepole kwa kalamu, maana kanda ya zamani iliyokaa kwenye joto na vumbi letu hunata na kukatika. Ikishalia vizuri mara moja, mtafute kijana wa kuihamishia kwenye kompyuta.

SWALI: Shangazi, msanii kijana ambaye binti yangu wa kidato cha pili alimpenda sana amefariki. Binti amelia usiku kucha na amekataa kula. Mama yake anataka tumnyang'anye simu. Unatushauri nini?
Baba wa Kondoa

JIBU: Mwacheni na simu yake, kwa kuwa humo ndimo zilimo nyimbo na ndimo walimo wenzake wanaolia naye. Kaa naye, mwombe akupigie wimbo anaoupenda kuliko zote, nawe usikilize mpaka mwisho bila kutoa hukumu kuhusu muziki wa siku hizi. Kwa umri wake huenda huu ndio msiba wake wa kwanza wa mtu aliyemchagua mwenyewe. Kukosa hamu ya chakula siku moja au mbili kusikutie hofu. Ila siku zikizidi kwenda naye halali, hali, hataki kwenda shule, mpelekeni hospitali. Na akitamka kwamba anataka kumfuata marehemu, msingoje hata siku moja, wala asiachwe peke yake. Mkipewa rufaa ya kuja Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, njooni bila kuona haya. Utani tunaoufanya juu ya jina la hospitali ile umewachelewesha wagonjwa wengi kupata tiba.