Fort Macon na watoto? Nendeni

Dada, kama mnatoka Raleigh na watoto na mnataka bahari plus historia, nendeni tu Fort Macon, ngome ya zamani ya kijeshi pale Atlantic Beach, North Carolina (Marekani), kiingilio bure kabisa. Ngome ina pembe tano, ya matofali na mawe, imezungukwa na handaki, na kwa mbali huioni maana imejificha kwenye vilima vya mchanga. Ilimalizika 1834, halafu Aprili 1862, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ikapigwa mizinga siku moja tu ikanyoosha mikono lol. Vyumba vya chini vina giza na ubaridi, watoto wanapenda kupiga kelele mle. Kuogelea msiende upande wa mlango wa bahari, mkondo ni mkali, na vaeni viatu, ule mchanga una miiba balaa.