Kaunsili wamekataa ramani ya chumba cha mama: nikate rufaa au nichore upya?

SWALI: Assalaam aleikum kaka. Naishi mashariki ya London, nyumba yetu imeungana na ya jirani upande mmoja. Mama yangu ana miaka 78, magoti yamekwisha, ngazi haziwezi tena na analala sebuleni. Tuliomba kibali cha kuongeza chumba cha kulala na bafu kwa nyuma: mita 5 kuingia bustanini, upana wote wa nyumba ambao ni mita 6, paa bapa, kimo mita 3.3. Wiki iliyopita kaunsili wamekataa. Barua inasema jengo litambana jirani tuliyeungana naye na kupunguza mwanga kwenye dirisha la chumba chake cha kulia. Jirani mwenyewe aliandika kupinga. Fundi anasema tuanze tu, kibali kitafuata. Je, nikate rufaa? Nina muda gani? Naweza kupunguza vipimo nikiwa kwenye rufaa? Na hali ya mama haihesabiwi? Ramani nimekuambatanishia.

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, na mama mpe shikamoo yangu.

Naanza na la fundi maana hilo halingoji: msianze. Kujenga bila kibali huku si jinai siku ile unayochimba msingi, na ndiyo sababu mafundi hulisema kwa wepesi. Lakini kaunsili wana haki ya kukupa amri ya kubomoa, na kuipuuza amri hiyo ndiyo jinai. Zamani jengo likifikisha miaka 4 bila kuguswa lilikuwa limepona. Kwa England sheria hiyo ilibadilika tarehe 25 Aprili 2024, na jengo linalojengwa sasa linahitaji miaka 10. Fundi atakuwa ameshalipwa na kwenda zake, na mama atakuwa ndani ya chumba kinachodaiwa kubomolewa.

Muda ulionao ni wiki 12, zinazohesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya uamuzi, si siku uliyoifungua bahasha. Rufaa haina ada. Haipelekwi kaunsili bali kwa Planning Inspectorate, idara ya wakaguzi yenye makao yake Bristol, na hujazwa kwa mtandao. Anayekata ni yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye ombi. Kama mliomba kwa jina la shemeji, basi ni yeye. (Haya yote ni ya England. Walioko Scotland wana utaratibu wao na muda wao, wasiyafuate haya.)

Sasa kiini chenyewe. Watu huniletea rasimu za rufaa za kurasa nne: ofisa hakupokea simu, kaunsili walichelewa, jirani ana chuki nasi tangu tuhamie. Naelewa uchungu wao, lakini hakuna hata sentensi moja hapo ya kumsaidia mkaguzi. Yeye anaanza upya kwa kutazama sababu zilizoandikwa kwenye barua, sera za mipango za eneo lenu, na ramani. Kwa hiyo chukua kalamu, zipigie mstari sababu hizo neno kwa neno, kisha ingia kwenye tovuti ya kaunsili uisome ripoti ya ofisa. Barua huwa na mistari michache, lakini ripoti ndiyo inayoonyesha ofisa alipima nini na alisimama wapi.

Kwenye barua yako mna mambo mawili ndani ya sentensi moja: kubanwa, na mwanga. Kubanwa ni pale mtu anapokaa mezani kwake na anachokiona ni ukuta. Mwanga ni ule wa mchana unaotoka mbinguni hata siku ya mawingu. La tatu, ambalo barua haikulitaja, ni jua. Sisi tuliozaliwa Pwani tumezoea jua la utosini, kivuli kinaishia miguuni. Huku saa sita mchana jua liko kusini mwaka mzima, na mwezi Desemba hapo London halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi juu ya upeo. Ukuta mfupi tu hutupa kivuli kirefu sana. Kwenye ramani yako mshale wa kaskazini unaonyesha nyumba yenu iko kaskazini mwa jirani, kwa hiyo ukuta wenu hautamkatia jua la adhuhuri. Hilo ni la kweli na unaweza kuliandika, lakini ujue halijibu lile la mwanga wala la kubanwa.

Kipimo ambacho kaunsili nyingi hutumia kwa mwanga ni mstari wa nyuzi 45. Tandaza ramani mezani, weka alama katikati ya dirisha la jirani, kisha uchore mstari mshazari wa nyuzi 45 kwenda bustanini kuelekea upande wako. Jengo lako likiuvuka, wanaanza kuwa na wasiwasi. Kwa ramani uliyoniletea, katikati ya dirisha hilo ni kama mita 1.8 kutoka mpakani. Basi mstari unaufikia mpaka mita 1.8 nje ya ukuta wa nyuma, na ukuta wako unaendelea hadi mita 5. Umevukwa kwa mita 3.2, tena na ukuta wenye kimo cha mita 3.3. Sikufichi dada, ofisa hakukuonea.

Hata hivyo unayo hoja moja yenye nguvu. Nyumba ya kuungana kama yenu, ikiwa haijaongezwa kwa nyuma na haijaondolewa haki zake za kawaida, inaruhusiwa na sheria kuongezwa mita 3 kwa nyuma bila kuomba kibali cha mipango, mradi ncha ya paa karibu na mpaka isizidi mita 3. Maana yake ukuta wa mita 3 kwenye mpaka ule ule, unaouvuka ule mstari kwa mita 1.2, kaunsili hawawezi kuuzuia. Mkaguzi hulitia hilo kwenye mizani ikiwa unaonyesha kwamba kweli utaujenga ukikataliwa. Ubishi wenu halisi, kwa hiyo, ni zile mita 2 za ziada na sentimita 30 za kimo. Hapo ndipo rufaa yako ingesimama, na hapo ndipo naiona dhaifu, kwa sababu mita 2 hizo ndizo zinazokigeuza chumba cha jirani kuwa kama kichochoro.

Kupunguza vipimo ndani ya rufaa usikutegemee. Mkaguzi huamua ramani ile ile waliyoikataa kaunsili, na badiliko lenye uzito hulikataa kwa kuwa jirani hakupata nafasi ya kulisemea. Anayetaka kubadilisha ramani hurudi kaunsili na ombi jipya.

Na ndivyo nikushaurivyo. Usikifupishe chumba chote, kivunje kiwe umbo la L. Upande wa jirani weka bafu, mita 3 tu kwenda nje na kimo cha mita 3. Upande wa pili weka chumba cha mama, kiende mita 4.5. Kwa umbali huo wa mita 4.5 ule mstari utakuwa umeingia kwako mita 2.7 kutoka mpakani, kwa hiyo chumba kikianzia hapo kinaukwepa, na unabaki na mita 3.3 za upana. Ukitoa unene wa kuta, mama anapata ndani kama mita 2.7 kwa 4.2. Kitanda kinaingia, kabati linaingia, na ule mduara wa mita 1.5 wa kugeuzia kiti cha magurudumu unabaki. Bafu nalo linatosha kuoga umekaa, bila kizingiti.

Kuhusu hali ya mama: inahesabiwa, ila si kama tunavyotaka. Hoja ya wakaguzi ni kwamba mtu huhama au hufariki na jengo hubaki, kwa hiyo ugonjwa peke yake ni nadra kuufunika ubaya wa jengo. Bali pale mambo yanapokaribiana, barua ya daktari au ya mtaalamu wa tiba kazi (occupational therapist) inayosema wazi kwamba mama hawezi ngazi na anahitaji choo chini, huweza kubadilisha uamuzi. Usiandike tu “mama mgonjwa”. Ambatanisha barua.

Barua hiyo ina faida nyingine ambayo wengi wetu hawaijui. Tangu Desemba 2023 ile nafasi ya kurudisha ombi mara ya pili bila ada imefutwa. Lakini ombi la kuongeza nyumba kwa ajili ya usalama, afya au nafuu ya mlemavu anayeishi humo halitozwi ada. Waandikieni kaunsili mkiomba msamaha huo. Na mkiwa huko huko, ulizeni ruzuku ya marekebisho ya nyumba kwa walemavu, ambayo England inafika hadi pauni 30,000, kwa kutegemea kipato.

Ombi jipya halikunyimi rufaa. Umekwisha kutumia wiki moja. Ukilipeleka ombi kabla ya wiki ya tatu kwisha, kaunsili wanatakiwa wajibu ndani ya wiki 8, na hapo utakuwa wiki ya 11. Wakikubali, rufaa iache. Wakikataa, una siku chache za kuiwasilisha ile ya kwanza, basi iwe imeandikwa tayari. Katika rufaa za nyumba za kuishi, maelezo yako yote na picha zako huingia siku ile ile ya kwanza; hupewi nafasi ya kujibu baadaye. Siku mkaguzi akija kutazama, mfungulie mlango wa bustani umwache aangalie. Haruhusiwi kusikiliza hoja zako, wala za jirani.

Kabla ya hayo yote, nenda kwa jirani na ramani mpya mkononi, umwonyeshe ukuta wa upande wake umefupika. Umwombe na ruhusa ya kupima, kwa futi ya chuma, kutoka mpakani hadi katikati ya dirisha lake. Hizo mita 1.8 nimezisoma kwenye ramani tu. Zikiwa 1.5, chumba cha mama kitabidi kisogee sentimita 30 zaidi kutoka mpakani, na upana wake wa ndani ushuke hadi mita 2.4. Niandikie kipimo utakachokipata kabla hujamlipa mchoraji.