Kuhama Bukavu kwa ajili ya pumu ya mke wangu: tuliyoyakuta Lubumbashi

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu ni lile lile nililojiuliza mwenyewe miaka kadhaa iliyopita. Unasema mnaishi Bukavu, mashariki mwa Kongo, mkeo anabanwa kifua kila mvua zinapoanza mwezi wa tisa, usiku analala akiwa ameketi, na wapo jamaa wanaokushauri uuze parsela yenu, yaani kiwanja na nyumba, muende Lubumbashi, kusini mwa nchi, ambako kiangazi ni kirefu na hewa ni kavu. Mimi na mke wangu tulihama hivyo mwaka 2017. Yeye ana pumu tangu utotoni. Mimi ni mwalimu wa sekondari, si mganga, kwa hiyo nitakueleza yaliyotupata na kile tulichoelezwa na waliosomea kazi hiyo, kisha wewe mwenyewe utapima.

Kuhama kulimsaidia, hilo silikani. Lakini hakukumsaidia kwa sababu tuliyoidhani, na sehemu kubwa ya nafuu aliyoipata tungeweza kuipata bila kuvuka hata daraja moja.

Tulikuwa tunakaa Kadutu, komine ya Bukavu, kwenye mteremko, katika nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma uliegemea udongo uliochongwa. Unaijua mitaa hiyo: maji ya mvua ya jirani wa juu yanapita kwako kabla ya kufika kwa jirani wa chini, na kuanzia Septemba hadi Mei hakuna ukuta unaokauka kabisa. Jiko letu lilikuwa ndani, mbabula, yaani jiko la makaa, ikiwashwa kwenye korido asubuhi na jioni, na mlango ukifungwa kwa sababu ya baridi. Sisi tuliyaona hayo yote kuwa maisha ya kawaida, tukailaumu hali ya hewa ya mji.

Tena hali ya hewa yenyewe inadanganya. Zamani madaktari wa Ulaya walikuwa wakiwapeleka wagonjwa wa pumu Davos, mji wa milimani huko Uswisi ulio mita 1,560 juu ya usawa wa bahari, na wengi walipata nafuu kwa kuwa hewa ya kule ni kavu kiasi kwamba utitiri wa vumbi, vile vidudu visivyoonekana vinavyoishi katika magodoro na mablanketi, haustawi. Bukavu nayo iko karibu mita 1,500, kimo kinachokaribiana na cha Davos, ila sisi tuna ziwa, tuna mvua miezi tisa, na magodoro yetu hayana siku ya kukauka. Kimo peke yake hakimponyi mtu.

Mwezi wa tano mwaka ule mke wangu alitangulia kwenda kwa kaka yake anayekaa Bel-Air, komine ya Kampemba, ili ajaribu. Baada ya juma moja alinipigia simu, na maneno yake nayakumbuka: «Baba watoto, jana nimelala chali mpaka asubuhi.» Mtu ambaye hajaishi na mgonjwa wa pumu hawezi kujua maneno hayo yana uzito gani. Alikaa majuma sita bila kushikwa hata mara moja, na mwishoni mwa mwezi wa saba nilikuwa tayari nimeomba kuhamishiwa shule nyingine na kuanza kufunga mizigo.

Hapo ndipo penye kosa letu la kwanza, na ninakuomba usilirudie. Mei, Juni na Julai ndiyo miezi ambayo Lubumbashi inamdanganya mgeni. Mvua imekwisha, majani bado hayajaungua, vumbi bado halijainuka sana, na kero pekee ni baridi ya alfajiri, ambayo inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Baridi kavu nayo huweza kuubana mrija wa pumzi, ila mke wangu alijifunga kitambaa mdomoni na puani kila alipotoka mapema, na hilo lilimtosha. Kwa hiyo tuliujaribu mji katika miezi yake mizuri kuliko yote, tukaamini kwamba ndivyo ulivyo mwaka mzima.

Siku ya kupakia mizigo, vijana wawili walilivuta kabati la nguo lililokuwa nyuma ya kitanda chetu. Halikuwa limesogezwa kwa miaka sita. Ukutani palikuwa na kabati la pili: umbo lile lile, kimo kile kile, jeusi tititi, limechorwa na kuvu. Nilipopitisha kidole, rangi ya ukuta ilitoka pamoja na ule weusi, ikiwa laini kama uji. Nguo za mke wangu zilizokuwa chini kabisa zilikuwa na manyoya meupe. Mto wake ulikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka pale. Nilisimama nikahesabu: miaka sita, kila usiku, kwa muda wa saa nane. Hata hivyo mizigo ilikuwa imeshafungwa na lori linangoja, basi tukaenda. Vyombo vilipita Uvira, vikapanda meli hadi Kalemie, kisha barabara. Nisikuchoshe na habari za safari hiyo, inatosha kusema kwamba kabati halikufika, na hakuna aliyelililia.

Agosti tukaanza kuujua mji. Pembezoni mwa Lubumbashi ni misitu ya miombo na nyika, na kiangazi kinapokomaa watu huchoma majani ili kusafisha mashamba, kuwinda, au kwa mazoea tu. Jioni anga linakuwa la rangi ya kutu. Asubuhi unakuta kwenye nguo ulizoanika vipande vyeusi vya majani yaliyoungua, vyepesi kama mbawa za nondo, na ukivigusa vinasagika na kuacha alama. Ongeza vumbi jekundu la barabara zisizo na lami, ongeza malori yanayoelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ongeza moshi wa makala jioni katika kila uwanja. Usiku mmoja wa Septemba mke wangu alishikwa saa nane, kwa nguvu kuliko alivyowahi kushikwa Kadutu. Pompi yake, kile kichupa cha dawa ya kuvuta, ilikuwa tupu. Tulimpeleka kwa teksi, kaka yake akiendesha kwa sababu dereva alikuwa anatetemeka, na walimweka kwenye oksijeni hadi kukacha.

Namshukuru Mungu kwa usiku ule, kwa maana ndio uliotukutanisha na daktari aliyetuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza. Alimwomba mke wangu atoe pompi aonyeshe anavyoitumia. Mke wangu akabonyeza mara mbili kwa haraka, mdomo ukiwa wazi, na wingu jeupe likaelea mbele ya uso wake. Daktari hakucheka. Alimwambia, «Mama, hiyo dawa umekipa chumba changu.» Kisha akachukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, akakata kitakoni tundu linalolingana na mdomo wa pompi, akaziba kingo kwa plasta, akamfundisha: tikisa pompi, toa pumzi, weka mdomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja tu, vuta polepole, shikilia pumzi ukihesabu hadi kumi, ndipo ubonyeze tena. Chupa inaoshwa kwa sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kupanguswa. Miaka tisa mke wangu alikuwa akinunua dawa na kuimwaga hewani.

La pili alilotueleza ni kwamba dawa za pumu ni za aina mbili, nasi tulikuwa tukiijua moja. Ile ya salbutamol hufungua mrija uliobanwa, na nguvu yake huisha baada ya saa chache. Ile nyingine, yenye beklometasoni au budesonidi, huvutwa kila siku hata kama mgonjwa anajisikia vizuri, na kazi yake ni kutuliza uvimbe ulio ndani ya mirija, ambao ndio ugonjwa wenyewe. Haileti nafuu ya papo hapo, na ndiyo maana watu huiacha wakisema haifanyi kazi. Ukishaivuta sukutua mdomo kwa maji na kuyatema, la sivyo utapata utando mweupe kinywani. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unaoitwa GINA haukubali tena mgonjwa mzima atibiwe kwa salbutamol peke yake. Kama mkeo anategemea hiyo moja tu, nakusihi muanzie hapo kabla ya kuuza hata kiti. Na kama anakohoa zaidi ya majuma mawili, makohozi yake yapimwe kifua kikuu, kwa kuwa si kila kifua kinacholia filimbi ni pumu.

Baada ya dawa ya kila siku kuingia mwilini, ndipo nilipoweza kutazama kwa utulivu kile ambacho Lubumbashi ilikuwa imetupa. Nyumba ya shemeji ilikuwa na sakafu ya saruji, kuta zinazopigwa na jua pande zote, na jiko lilikuwa nje chini ya paa la bati lisilo na kuta. Godoro lilikuwa jipya. Hakukuwa na kabati ukutani. Zile siku arobaini alizolala chali, ninaamini leo kwamba alizipewa na nyumba ile zaidi ya mji ule. Tulihama nyumba tukadhani tumehama hali ya hewa.

Ushahidi wangu ni masika ya kwanza. Watu huisema Lubumbashi kana kwamba ni jangwa, kumbe inapata mvua ya milimita 1,200 hivi kwa mwaka, na karibu yote inamwagika kati ya Novemba na Aprili. Januari hewa ni nzito na yenye unyevu kama ya kwetu. Ingekuwa unyevu wa anga ndio adui peke yake, mke wangu angeugua Januari. Hakuugua. Hadi leo mwezi unaomtisha ni Septemba, wakati hewa ni kavu sana, kwa ajili ya moshi na vumbi. Nimesoma pia kwamba huko Marekani watu wengi wenye vifua vibovu walihamia Arizona kufuata ukavu, wakapanda miti na nyasi za kwao, na chavua za mimea hiyo zikaanza kuwasumbua upya, mbali na kuvu ya udongo mkavu wa kule ambayo nayo inashambulia mapafu. Hewa kavu ina magonjwa yake.

Kuna aliyekujibu kwamba Goma ni karibu zaidi na kungefaa. Mimi simwungi mkono. Goma si kavu, na juu yake kuna volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira zinazotoa gesi ya salfa, ambayo mrija wa mwenye pumu huihisi kabla ya mtu mwingine. Vumbi jeusi la lava nalo usilisahau. Sizungumzii hata mazuku, ile hewa mbaya inayotuama kwenye mabonde, kwa kuwa hiyo inamuua mzima na mgonjwa sawasawa.

Ukiamua kuja Lubumbashi hata hivyo, mlete mkeo ajaribu kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba, si Mei. Nyumba itafutwe mbali na barabara ya vumbi na ya malori, na uulize upepo wa kiangazi, ambao kwa kawaida unatoka kusini mashariki, unapitia wapi kabla ya kufika dirishani kwako: kama ni dampo, tanuri la makala au mtambo wowote wenye bomba, endelea kutafuta. Umeme ukiwepo tunapika kwa resho, jiko la umeme. Ukikatika, na unakatika sana, mbabula inawashwa uani na haiingii ndani hata makala yakiwa mekundu bila moshi, kwa sababu makala hayo bado yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Uwanja unanyunyiziwa maji kabla ya kufagiliwa, na sakafu tunaipangusa kwa kitambaa kibichi. Pompi ya akiba haikosekani, na kila anapobonyeza mke wangu anachora kistari kwenye kalenda, kwa kuwa nyingi zina mibonyezo 200 na baada ya hapo unaweza kuwa unavuta upepo mtupu.

Parsela usiiuze. Sisi tuliipangisha, na hilo ni mojawapo ya mambo machache tuliyoyafanya kwa akili. Mke wangu aliacha kibanda cha vitambaa soko la Kadutu na wateja aliowajua kwa majina ya watoto wao. Hapa ilimchukua miaka mitatu kupata wateja nusu ya wale, na mwanzoni wauzaji walimcheka kwa kuuita ugali bugali mahali wao wanaposema bukari.

Nimemsomea haya yote kabla ya kuyatuma, akaniambia nimeacha jambo moja. Miaka miwili kabla hatujahama alikuwa akinieleza kwamba anapolala kwa dada yake Nguba, ng'ambo ile ya mji wetu wenyewe, kifua kinafunguka. Mimi nilidhani ni furaha ya kutembelea ndugu, na pengine kisingizio cha kukaa huko siku tatu badala ya moja. Anasema nikwambie umuulize mkeo ni wapi anapolala vizuri, na akikujibu, usicheke.