Joto la mgongoni: maswali yenu kuhusu pedi ya kulelea vifaranga

SWALI: Shikamoo mama. Nina vifaranga 18 wa siku nne, nawalea kwenye boksi kubwa na taa ya joto ya wati 250. Juzi usiku kamba ya taa ililegea, nikashtuka nasikia harufu ya kuungua, kufika nakuta taa imeshuka mpaka karibu na maranda na pale chini pameshaanza kuwa peusi. Vifaranga wazima ila toka siku hiyo silali, kila saa naamka kwenda kuchungulia. Nasikia kuna watu wanatumia pedi ya umeme ile ya kukandia mgongo, na mi ninayo ndani. Jana mchana nikajaribu, nikaitandika chini kwenye boksi, kipimajoto kikasoma nyuzi 24 tu, nikaogopa nikarudisha taa. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hofu yako ni ya haki kabisa, taa ya wati 250 juu ya maranda makavu haitaki mchezo, ikianguka tu basi, na mabanda yanaungua hivyohivyo. Kwahiyo kabla hujasoma mbele, leo ikifika jioni na taa bado ipo, ifunge kwa mnyororo au waya, tena sehemu mbili, usiiachie kamba wala kile kibanio chake peke yake.

Sasa pedi. Umekosea mahali pamoja tu, umeiweka chini wakati inatakiwa ikae juu. Mwangalie kuku mwenye vifaranga, haendi kupasha hewa ya banda zima, yeye anakaa tu, watoto wanaingia chini yake wanabana migongo yao kwenye tumbo lake, na mwili wa kuku una kama nyuzi 41 hivi. Nje ya mbawa zake kunaweza kuwa na ubaridi na wale watoto wanatoka wanakula wanakunywa wakihisi baridi wanarudi kwa mama. Pedi inafanya kazi hiyohiyo, inapasha kwa kugusa. Taa ndio inapasha kila kitu kilicho chini yake, maranda, maji, chakula, na ile hesabu ya nyuzi 32 mpaka 35 wiki ya kwanza alafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki ni hesabu ya taa. Kwahiyo hiyo 24 yako wala isikutishe, umepima hewa ya boksi. Kipimajoto kiweke pale mgongo wa kifaranga unapogusa ndio utajua ukweli.

Namna ya kuitengeneza: tafuta wavu wa chuma mgumu, ukunje uwe kama kijibanda kifupi, nyuma kiwe chini kabisa kama sentimita 8, mbele kiinuke mpaka 12 hivi. Ule mteremko una maana, kifaranga mdogo anaenda nyuma panapombana, mwenye joto anasogea mbele, kila mmoja anajichagulia. Ncha za wavu zikunjie nje zisije zikawachoma macho. Pedi itie ndani ya foronya nyembamba, itandaze juu ya wavu, ifunge pembeni kwa kamba, usiikunje hata kidogo na usiipige pini, nyaya za ndani zikijikunja zinapata moto mahali pamoja. Juu yake weka kitaulo chepesi cha kufua maana watapanda humo na watachafua, blanketi zito usiweke. Na hakikisha wote 18 wanaenea chini kwa wakati mmoja, wakibanana wale wadogo watasukumwa nje usiku.

Kitu kimoja nataka ukiangalie leo hiihii kabla ya chochote. Pedi nyingi za kukandia zinajizima zenyewe baada ya muda, mara nyingi saa mbili, kwasababu zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeweza kusinzia nayo mwilini. Mi sikulijua hilo mara ya kwanza. Nikawasha saa tatu usiku nikaenda kulala nimeridhika kabisa, asubuhi nikanyanyua taulo nikawakuta watano wamekufa pale kona ya nyuma wamelaliana, na pedi iko baridi kama ubao. Bado naiona ile kona. Tafuta inayoweza kuwaka mfululizo, iwashe mchana uikalie macho masaa matatu manne uone. Tena bora iwe ile iliyoandikwa kwamba inastahimili unyevu, na waya wake ukague kila siku, huu nao ni umeme, hatari ya moto imepungua tu, haijaisha.

Usiku wa kwanza watakupigia kelele. Hawa wako wameshazoea mwanga, giza likiingia watasimama pale taa ilipokuwa wanalia kwa nguvu, ukidhani wanakufa. Wachukue kwa mkono mmojammoja uwasukume chini ya kijibanda, watatoka, warudishe tena. Usiku wa pili au wa tatu utaona wameingia wenyewe, alafu kimya, unasikia kile kisauti chembamba cha kifaranga aliyeshiba usingizi, na watalala mpaka asubuhi kama wanavyolala chini ya mama. Kwa kweli hiki ndio kitu kilichonihamisha mimi kwenye taa, kuliko hata moto, kifaranga anayepata giza la usiku anatulia, na kudonoana kunapungua.

Wakirundikana wanalia, ongeza moto au shusha kijibanda. Wakilala nje mbali na pedi, wanatweta, mbawa wamezining'iniza, punguza. Vichwa kuchungulia nje ni kawaida. Ila boksi likae ndani ya nyumba wiki hizi za mwanzo, kwenye banda la wazi lenye baridi kali pedi peke yake haitoshi.

SWALI: Umeme ukikatika usiku je?

JIBU: Na taa ungekuwa na shida ileile. Jaza chupa maji ya moto, si yale yanayochemka, izungushie kitambaa, iingize chini ya kijibanda na ufunike boksi huku ukiacha nafasi ya hewa. Badilisha maji kila yakipoa. Wakiwa wengi wanapashana, lakini wa siku chache usiwaachie hivyohivyo mpaka asubuhi.

SWALI: Wangu wawili kinyesi kimegandia nyuma mpaka kimeziba, ni pedi imewaumiza?

JIBU: Inaweza kuwa baridi, inaweza kuwa joto limezidi, au uchovu wa safari kama wamesafirishwa. Pima kwanza hapo chini ya pedi. Kuhusu hao wawili usisubiri, kifaranga akiziba anakufa. Lowesha kwa pamba na maji ya uvuguvugu mpaka kilainike, kitoe taratibu bila kuvuta maana ngozi itachanika, alafu mkaushe vizuri kabla hujamrudisha. Ila kuwa makini, kile kidoti kikavu upande wa tumboni ni kitovu, hicho usikiguse.

SWALI: Naitoa lini?

JIBU: Usihesabu siku tu, angalia manyoya. Kila wiki nyanyua kijibanda kidogo kadiri migongo inavyopanda, na punguza moto. Wengi wanakuwa wamevaa manyoya kamili wiki ya tano au sita, penye joto hata kabla. Zima mchana kwanza, ukiona hawajali zima na usiku, ila kijibanda kiache siku mbili tatu. Wangu wa mwisho wiki ya nne walikuwa wameshaacha kuingia, wanapanda juu ya taulo wanalala wamejipanga mstari mmoja, na pedi nilikuwa nimeshaizima.