Risasi ya .243 na mahali pa kumlenga kulungu
Ndugu, umeuliza kama risasi ya .243, yaani yenye kipenyo cha inchi 0.243 (kama milimita 6), inamtosha kulungu na kama ni afadhali kumlenga kichwani. Inatosha, mradi utumie risasi ya kuwindia inayotanuka ndani ya mwili, yenye uzito wa greni 90 hadi 100 (kama gramu 6), wala si ile ya kijeshi iliyovikwa shaba mpaka nchani, kwa maana hiyo hupenya na kutokea upande wa pili ikiacha tundu jembamba, na mnyama akaenda kufia mbali kwa mateso. Kichwani usilenge kabisa: ubongo ni mdogo, kichwa hakitulii, na ukikosea kidogo utamvunja taya, afe kwa njaa. Subiri asimame ubavu, kisha ulenge nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili kutoka chini, penye moyo na mapafu. Ukikuta damu nyekundu yenye povu, umepata mapafu. Ukikuta majimaji ya kijani yenye harufu, umepiga tumbo, nami nakusihi usimfuate kwa saa kadhaa, kwa kuwa ukimwinua alipolala atakimbia na huenda usimpate tena.