Kabla hujanunua tufe kuukuu la dunia, litafute ziwa letu

Tufe dogo likiuzwa kama kitu cha kale, usianze na bei. Mimi hata soko la Kibuye hapa Kisumu, Jumapili, hutembea na lenzi mfukoni, maana kwenye tufe la upana wa sentimita 7.5, Ziwa Victoria lote ni kama milimita 2 tu. Msafiri Mwingereza John Speke alilifikia upande wa Mwanza mwaka 1858 na kuliita Victoria, kwa hiyo tufe lenye jina hilo haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Ukilikosa jina hilo, usikimbilie kusema ni la zamani zaidi: mabamba ya shaba ya kuchapia yaligharimu pesa nyingi, na watengenezaji waliendelea kuyatumia ramani ikiwa imeshapitwa na wakati. Kisumu ikiandikwa Port Florence, reli ilikuwa imefika au iko njiani. Ilifika mwaka 1901. Kenya kama koloni ni kuanzia 1920. Ukiona Tanzania, ni kuanzia 1964, hata muuzaji aape vipi.

Kisha tazama maungio, na hapa usiwe na haraka. Fundi alibandika karatasi zenye gundi tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu ya mviringo, zikakauka, akazikata katikati na kuzivua. Nusu mbili akaziunganisha juu ya kijiti kilichotoka ncha hadi ncha, akapaka plasta na kuilainisha. Ramani ilichapwa bapa, kwa kawaida vipande 12 vyenye umbo la ganda la chungwa: kipana katikati, chembamba juu na chini. Karatasi mbichi hutanuka, naye alipaswa kuivuta mpaka pwani ya kipande kimoja ikutane na ya jirani yake. Mwishoni rangi kwa mkono, halafu vanishi. Ndiyo maana mto au mpaka ukiruka kidogo kila nyuzi 30, pale vipande vinapokutana, mimi hufurahi: pale pana mkono wa mtu.

Ukishalinunua, maji yasiliguse. Plasta hunyonya unyevu, na huku kwetu kando ya ziwa hewa yenyewe inatosha kuinua karatasi kwenye maungio. Liweke mbali na dirisha, ulipanguse vumbi kwa brashi laini iliyo kavu. Rangi ya kahawia ni vanishi iliyozeeka, si uchafu. Muuzaji akijitolea kulipaka vanishi mpya bure, mkatalie na ulichukue lilivyo.